Uso wa Jephté

Ndani ya Biblia, kwenye kurasa za Zaburi, kadi ya uchaguzi ya Jephté ilikuwa palepale ilipowekwa. Jina lilisomeka. Tarehe ya kuzaliwa ilisomeka. Mahali pa picha palikuwa na doa jeusi, na juu ya doa hilo plastiki mpya ikimeta.

Mama Régine aliipangusa kwa pindo la kikwembe alichojifunga, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Doa likabaki doa. Nyuma yake binti yake Exaucée alisimama na begi lake la kuchorea, akisubiri picha ya kaka yake aipeleke kituoni. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu Pasaka alikuwa akijifunza uchoraji kwenye kituo cha sanaa cha Tushirikiane, hukohuko Ruashi wanakokaa.

"Mama, photo iko wapi?"

"Njo hii hapa."

"Hii? Hii haina muntu."

Mwaba, baba wa nyumba, alikuwa ameketi kizingitini akifunga kamba za viatu vya kazi. Kazi yenyewe ilikwisha miaka mingi iliyopita, kampuni ilipopunguza watu, lakini viatu alivifunga kila asubuhi. Hakugeuka.

"Ni miye niliipeleka kuplastifier," alisema. "Ile photo ilikuwa inaenda kidogo-kidogo. Kidevu kilishaenda, mashikio ilishaenda. Nikasema niizuie. Yule kijana wa ku soko akaiingiza mu mashine ya moto, ikatoka vile."

"Lini?"

"Mu mwezi wa tano."

"Miezi tatu, Baba Jephté! Na haukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Jephté mwenyewe atakuya kufanya duplicata ya kadi."

Kadi zile hazikupenda joto, na kila mwenye mashine ya plastiki sokoni alilijua hilo, isipokuwa huyo mmoja ambaye Mwaba alimchagua kwa sababu alikuwa na adabu. Exaucée alichukua begi lake akaondoka bila picha.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda cha nyumba ile, na majirani wote walikijua. Misimu miwili ya mvua iliyopita, shimo la wachimbaji liliporomoka nje ya Ruashi likafukia vijana saba. Wenye kiwanja walileta mashine, wakasawazisha udongo, wakazungusha ua. Haikutoka maiti hata moja. Familia sita ziliketi chini zikalia. Ya saba haikulia, maana baba alisema hakuna maiti, hakuna kilio. Mtoto amevuka mpaka, yuko Zambia, anatafuta maisha. Na kilio ni baba anayekitangaza. Mama akijitangazia peke yake, watu watasema anamwombea mwanawe kifo.

Basi waliishi hivyo. Jioni sahani ya Jephté ilipakuliwa ikafunikwa, asubuhi Mwaba akawamwagia kuku bukari, ugali ule uliolala, bila neno. Siku moja Régine alipiga namba ya simu ya mwanawe. Ikapokelewa na mama mmoja wa Likasi, aliyemweleza kwa upole kwamba namba hiyo aliinunua dukani, na kwamba si yeye wa kwanza kumwulizia kijana huyo. Barabarani, akiuza makaa yake, kila mtu alimwita Mama Jephté. Jambo, Mama Jephté. Makala leo bei gani, Mama Jephté. Jina la mtoto lilizunguka mtaa mzima, mwenyewe hayupo.

Ndotoni alikuja. Alikuja amempa mgongo, anaosha vumbi bombani, na akiitwa hageuki. Kilichomtisha Régine zaidi, na ambacho hakumwambia mtu, ni kwamba hata mchana, akifumba macho kumtafuta mwanawe, aliona fulana, aliona viatu, uso asiuone. Alikuwa ameitegemea kadi ile. Aliogopa hata kuifungua mara kwa mara, asije akaimaliza kwa kuitazama.

Jumatatu alipeleka magunia mawili ya makala kwenye kituo cha Tushirikiane. Palikuwa bohari la saruji zamani. Sasa kuta zilipakwa rangi nyeupe, na kwenye lango waliandika kwa herufi za kijani majina ya mafunzo: kuchora, kufinyanga, kufua shaba. Jumamosi kungekuwa na sherehe ya kufungua maonyesho, na sherehe bila nyama choma, Lubumbashi, ni mkutano tu. Ndiyo maana ya makala.

Mlangoni alipokelewa na Nono, dada wa mapokezi, mwenye kucha ndefu na maneno mafupi.

"Mama, na hii mikono unaingia wapi? Ukuta iko nyeupe. Nawa kwanza."

Régine alinawa. Nono akaitazama mikono hiyo, akaonyesha tena bomba. Akanawa mara ya pili, kisha ya tatu, lakini makala ya miaka kumi na tano hayatoki kwa sabuni ya kipande. Alipoingia ukumbini alijikunja asiguse kitu, na bado, akipita mlango wa pili, aliteleza kidogo akajishika ukutani. Vidole vinne vikabaki pale. Hakuna aliyeona ila yeye, na aibu ikamchoma hadi masikioni.

Kisha aliona ukuta wa mbele. Fremu saba zilipangwa safu moja. Sita zilikuwa na nyuso: vijana wa shimoni, aliwajua wote, huyu aliyekuwa akimkopa makala kwa ajili ya mama yake, huyu aliyekuwa na kicheko kinachosikika barabara ya tatu. Ya saba ilikuwa tupu. Ndani ya mbao zake ulionekana ukuta mweupe, na chini yake karatasi iliyoandikwa vizuri: *Jephté Mwaba, miaka 23*.

"Ah, maman!" Monsieur Symphorien, mkurugenzi, alimjia mikono mbele. Alikuwa mwalimu wa uchoraji mstaafu, mtoto wa Wakasai waliohamia zamani kwa kazi ya reli, mkazi wa Makomeno, mtu mwema ambaye hata salamu yake ilikuwa na utangulizi na hitimisho. "Permettez que je vous dise, tunafurahi sana. Exaucée iko élève ya kwanza hapa. Mais unaona problème yetu? Iko paka ule mmoja tu tunangojea. Bageni ba samedi, Jumamosi, batauliza: et celui-là, na huyu?"

"Photo ilikufa, Directeur."

"Ilikufa namna gani?"

Alimweleza. Symphorien akasikitika kwa dhati, kisha akapata wazo, na wazo la mtu mwema mara nyingine huuma kuliko tusi. Alimwita Doudou, mchoraji aliyefanya zile picha sita, akamweka mbele ya Régine na penseli.

"Maman atakuelezea, weye utafuata."

Doudou alikuwa kijana mpole. Aliketi, akapiga duara jepesi kwenye karatasi.

"Sawa, mama. Pua yake ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa pua," alisema Régine. "Muzuri."

"Mupana? Murefu?"

"Ya katikati."

"Macho?"

Alifungua mdomo. Watu wawili walikuwa wakimsubiri, pamoja na penseli. Alijua mtoto huyo alitembea akiwa na miezi tisa. Alijua hakula majani ya sombe yenye samaki ndani. Alijua kikohozi chake kati ya vikohozi mia.

"Macho yake ilikuwa... kama ya bantu ba kwetu."

Nono, aliyekuwa akipita na karatasi zake, hakujizuia. "Eh! Mama anasahau sura ya mutoto yake? Vraiment?"

"Nono!" alisema Symphorien.

Lakini neno lilishatoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Régine alisema anangoja tu malipo ya makala yake. Symphorien akaenda kuyatafuta, akasema dakika tano, naye akamwacha kwenye chumba cha wafinyanzi kwa kuwa huko kulikuwa na kiti na uchafu haukuogopwa.

Mezani palikuwa na bonge la udongo chini ya gunia bichi. Aliketi mbele yake. Alikuwa na hasira, na mikono yenye hasira haikai. Ikaingia chini ya gunia, ikavuta udongo, ikaanza kuuzungusha. Aliacha ifanye inavyotaka. Alikuwa akifikiria kucha za Nono, na jibu zuri ambalo angempa, jibu ambalo kama kawaida lilikuja mwenye kujibiwa ameshaondoka.

Alipotazama chini, aliona kisogo.

Kisogo cha Jephté kilikuwa na bonde dogo upande wa kushoto, tangu kuzaliwa. Tangu utoto hadi utu uzima mama yake alikuwa akimnyoa mwenyewe kwa wembe, kila Jumamosi ya pili, kwa sababu mashine za kinyozi zilimtoa vipele. Jephté aliketi chini kwenye mkeka, mgongo kwenye magoti ya mama, shingo imeinama. Miaka ishirini na mitatu. Mikono yake ilikuwa imekizunguka kichwa hicho mara nyingi kuliko ilivyokanda bukari. Macho ndiyo yaliyosahau, kumbe. Mikono haikuwa imeulizwa.

Symphorien aliporudi na pesa alimkuta amefika kwenye masikio. Alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu kituo kifunguliwe, hakuwa na utangulizi.

Régine alirudi Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kila akimaliza soko. Hakutazama alichofanya. Alimweka mwanawe mbele yake kama zamani, amempa mgongo, naye akifanya kazi kwa kuzunguka na mikono, akishika kidevu kama alivyokishika alipotaka kukigeuzia kwenye mwanga, akipitisha dole gumba kwenye taya kutafuta nywele zilizobaki. Kila jioni alikifunika kichwa kwa kitambaa kibichi na plastiki, Symphorien alivyomfundisha, kisipasuke. Akiondoka alisema kwa sauti ndogo, "Ngoja hapa, nitabwela kesho." Wafinyanzi wengine walimsikia wakajifanya hawakusikia.

Alhamisi Exaucée alikuja kumchukua. Alipiga hatua mbili ndani ya chumba, akazunguka meza kuja upande wa uso, akashika mdomo.

"Yaya," alisema, kama alivyomwita kaka yake mkubwa. Hakumwambia mama yake. Alikiambia kile kichwa.

Hapo ndipo Régine naye alipozunguka meza, akamtazama mwanawe usoni. Alikuwa yeye. Pua pana kidogo kwenye ncha, mdomo wa chini uliojaa, na lile kunyanzi la dharau upande mmoja alilokuwa nalo hata akilala. Macho yalikuwa yamefungwa. Alilia bila sauti, akajifuta kwa mkono wenye udongo, akacheka alivyojipaka. Alikuwa na furaha. Tuseme ukweli, hakuwa amewahi kuwa na furaha kama hiyo kwa muda mrefu, na ilimwogopesha.

"Chef-d'œuvre," alinong'ona Symphorien. "Tutaitia ku moto exposition ikiisha, mama, ikomae. Samedi itasimama vile vile, mubichi, chini ya jina yake."

Régine hakujibu. Alikuwa akifikiria nyumbani.

Nyumbani siri ilidumu hadi chakula cha jioni cha siku hiyohiyo. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Exaucée alikuwa ameahidi kunyamaza, lakini furaha ilimzidi.

"Baba, samedi utakuya ku exposition? Mama alifanya kichwa."

"Kichwa ya nani?"

"Ya yaya. Baba, ni yeye! Ukimuona utasema atasimama. Paka macho tu njo amefunga."

Tonge la Mwaba lilisimama njiani. Alilirudisha kwenye sahani taratibu.

"Nani alimufunga macho?"

"Hakuna muntu alimufunga," alisema Régine haraka. "Alikuwa anasinziya, Baba Jephté. Kila nikimunyoa alikuwa anasinziya. Njo vile mikono yangu inamujua."

"Bantu banafungaka nani macho, weye mama? Uniambie. Nani?"

Kila mtu pale mezani alishawahi kukaa kwenye chumba chenye maiti. Mtu anapokata roho, wa kwanza kumkaribia humfumba macho kwa vidole, asiendelee kuwatazama walio hai. Régine hakuwa amelifikiria hilo, anaapa. Lakini sasa aliposikia limesemwa, alitazama mikono yake, akaona kwamba yenyewe ilikuwa imelijua.

"Mutoto yangu hakukufa," alisema Mwaba.

"Basi iko wapi?"

"Iko Zambia."

"Iko Zambia wapi, Baba Jephté? Miaka mbili, hata bipé moja ya simu?"

Hakuwa amewahi kumwuliza hivyo. Mwaba alinyanyuka, akaichukua sahani ya Jephté iliyofunikwa, akaiangalia kana kwamba ameisahau ilikuwa ya nini, akairudisha. Akatoka uani kusimama karibu na kuku. Ijumaa mchana Régine alipotoka sokoni hakumkuta, na aliporudi Mwaba alikuwa na udongo mkavu chini ya kucha. Aliuona. Alidhani alikuwa akilima kijibustani chao cha mboga za lenga-lenga.

Jumamosi saa tisa ukumbi ulijaa. Familia za wale sita zilikuja na nguo za kanisani, kila moja imesimama karibu na mtoto wake ukutani, wakipigana picha kwa simu. Wageni wa mjini walipewa viti vya plastiki vya mbele. Nyuma ya bohari mbabula kubwa ya makala ilikuwa imewashwa, moshi wa nyama ukiingia kidogo kidogo kupitia dirishani. Chini ya fremu tupu ya saba palikuwa na kijimeza kirefu, na juu yake kichwa kimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Mwaba hakuwa amesema kama atakuja. Lakini Régine alimwona, kwenye kona karibu na mlango, kofia mkononi, viatu vya kazi miguuni.

Symphorien aliongea dakika ishirini na tano, ufupi uliowashangaza wanaomjua. Kisha akamwita Mama Jephté avue kitambaa.

Alikivua.

Jephté alikuwa amefungua macho.

Moyo wa Régine uliruka kwa furaha. Ndivyo ilivyokuwa, kabla ya hofu kufika: uliruka kama wa mtu anayemwona mwanawe langoni. Kisha akaona vizuri. Mtu alikuwa amezinyanyua zile kope kwa kidole kigumu, akachoma kwa msumari matundu mawili katikati. Udongo ulikuwa umeanza kukauka, kwa hiyo ufa ulishuka kutoka jicho la kushoto hadi shavuni. Na matundu yale yalitazama. Hayakumtazama yeye, wala wageni; yalitazama mlangoni, kwa mshangao wa mtu aliyeitwa akafika akakuta hakuna aliyemwita.

"Yesu," alisema mama mmoja, akarudi nyuma na kuwakanyaga wenzake. Viti vya mbele vilikwaruza sakafu. Mtoto mdogo akaanza kulia.

"Nani alimugusa?" Sauti ya Régine ilikuwa ndogo, lakini ilisikika ukumbi mzima.

Doudou aliapa kwamba mlango aliufunga yeye. Nono, safari hii bila maringo, alisema polepole kwamba jana mchana alikuja baba mmoja, akasema yeye ni baba wa marehemu, hapana, hakusema marehemu, alisema ni baba wa Jephté. Naye alimwacha aingie peke yake, maana baba utamkataza vipi?

"Ni miye," alisema Mwaba kutoka konani.

Watu walimpisha. Alikuja hadi katikati, akasimama, hakusogea zaidi.

"Juu ya nini, Baba Jephté?"

"Nilitaka aone njia ya kubwela."

Symphorien alishusha kipaza sauti. Régine alimtazama mume wake, nywele zilizojaa mvi katika miaka miwili, na hasira aliyokuwa ameitayarisha ikamponyoka. Akaona kwamba mtu huyu naye alikuwa ameutafuta uso huo kila siku. Alikuwa ameutafuta hata kwenye mashine ya plastiki.

"Kuya karibu," alimwambia. "Kuya, angalia muzuri. Hii ni macho ya muntu anaona njia?"

Mwaba alisogea. Alitazama. Alikaa muda mrefu bila kupepesa, wawili wale wakitazamana, na wenye kusimama karibu walisema baadaye kwamba hawakujua ni nani kati yao aliyekuwa akiomba kuachwa.

"Anachoka," alisema Régine. "Miaka mbili tunamusimamisha. Weye na miye. Miye nilimufunga macho, weye ukafungula. Nikifunga tena, utafungula tena. Siwezi peke yangu. Fanya weye. Weye njo baba."

"Mama Jephté..."

"Fanya."

Symphorien mwenyewe, kizibao chake kizuri na yote, alikwenda chumba cha wafinyanzi akarudi na bakuli la maji. Mwaba alichovya madole gumba. Aliyaweka juu ya macho ya mwanawe akayashusha. La kulia lilishuka. La kushoto lilikataa, kope ikakatika kipande, akachovya tena, akabandika, akalainisha, akashusha tena pole pole, akibana meno. Likashika. Hakuyaondoa madole yake. Aliyaacha pale, akainama hadi paji lake likagusa kichwa kile kibichi, na kutoka ndani yake ikatoka sauti ambayo Régine, kwa miaka ishirini na sita ya ndoa, hakuwa ameijua.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Wanawake wa Ruashi hawakuhitaji kuelezwa. Mama wa yule kijana wa kicheko alikuwa wa kwanza kuvua viatu, akafungua kilemba, akaketi sakafuni miguu imenyooka. Wa pili akamfuata. Viti vilisukumwa ukutani. Exaucée alimshika mama yake mkono akamketisha chini ya kijimeza, na wanawake wakambana pande zote, na mayowe yakapanda hadi mabati ya bohari yakatetemeka. Kilio kilichochelewa miaka miwili hakikuuliza ratiba. Mgeni mmoja wa mjini alimwuliza Symphorien kwa Kifaransa kama hii ilikuwa sehemu ya maonyesho. Symphorien aliitazama hotuba yake ya pili, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Non, madame," alisema. "Tosha viatu mu miguu, ukiweza. Ama utuachiye kiti."

Nje, Doudou na vijana waliondoa nyama kwenye mbabula, wakaleta magogo, wakawasha moto wa wanaume katikati ya ua. Mwaba aliongozwa hadi pale kwa mikono. Walimketisha. Walimpa maji, akanywa.

Lakini kuna jambo ambalo kilio hakiwezi kuendelea bila hilo, na wote walikuwa wakilingoja. Wafiwa wakishakaa, mtu mkubwa huuliza, na baba wa marehemu husimulia kifo tangu mwanzo, ili kila aliyekuja ajue anachokililia. Aliyeuliza ni mzee Mukuka, ambaye mwanawe alikuwa kwenye fremu ya pili.

"Mwaba," alisema. "Bantu baiko hapa. Tuelezeye. Mutoto alikufa namna gani?"

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Wanawake walipunguza sauti, kama ada ilivyo, wasikie nao. Régine aliinua kichwa. Siku ile ya shimo hakuwa nyumbani; alitoka gizani kwenda kupokea makala barabara ya Kinsevere, na aliporudi Jephté alikuwa ameshakwenda. Kwa miaka miwili alimlaumu mtoto. Alikuwa amemkatalia, alimwambia mvua zimezidi, shimo si la kuingia, naye kwa ukaidi wake akaingia. Hasira hiyo juu ya mfu alikuwa ameibeba pamoja na mengine yote.

Mwaba alikohoa.

"Ile asubuhi mama yake alikuwa ameshatoka," alisema. "Jephté alikuwa anangali mu kitanda. Akaniambia, baba, leo siendi. Udongo inalia mu shimo tangu jana, nilisikia. Mama pia alinikataza." Moto ulipasuka. "Nikamuambia weye ni muvivu. Nikamuambia batoto ba benzangu banalisha bazazi. Akasema, baba, niko naogopa. Nikamuvuta, nikamutosha mu kitanda na mukono." Aliunyoosha mbele yao, ule wa kulia, bado una udongo. "Hii mukono. Njo vile alienda. Njo juu ya ile sikutaka afe."

Ndani, wanawake waligeuka wote kumtazama Régine, na Exaucée aliushika mkono wa mama yake kwa nguvu, akiogopa atakachofanya. Régine aliogopa pia. Alitaka kutoka nje na kumpiga mtu huyu mbele ya Ruashi nzima, kumpiga na kigogo cha moto. Juu yake mwanawe alikuwa amelala, macho yamefumbwa. Alikuwa ameogopa, basi. Alikuwa amesema anaogopa. Hakuwa mkaidi.

Alijishika kwenye mguu wa kijimeza, akanyanyuka hadi magotini ili sauti yake ifike.

"Eleza yote, Baba Jephté," alisema kupitia mlangoni. "Kila neno alisema. Usiruke kitu."

Mwaba alijipangusa uso kwa kofia, akaanza tena tangu mwanzo.